Gari Langu Kuukuu, na Swali Nililolijibu kwa Uongo

Jumanne. Vumbi limefunika Isiolo tangu asubuhi na kifua changu kinakataa hewa. Daktari haongei tena habari za mwaka ujao, nami simuulizi.

Tangu niweke hapa mtandaoni picha ya gari langu la familia ninaloliuza, mnaniuliza yale yale. Ndiyo, kiwanda kiliacha kulitengeneza zamani. Vipuri utapata kwa wanaobomoa magari makuukuu, ukiwa na subira. Mafuta linakunywa, sitaficha. Siti ya nyuma kabisa ni ya watoto. Barabara ya Sericho linaiweza.

Swali moja nimelijibu kwa uongo.

Leo mchana alikuja Galma, msafirishaji wa mbuzi kutoka Sericho. Alilizunguka gari, akalipiga boneti kofi.

"Mwalimu, hii mzee bado iko na nguvu?"

"Kunishinda mimi."

"Ai, wewe hata mbuzi yangu inakushinda!" Tulicheka mpaka nikakohoa. Kisha akauliza, "Imewahi gonga?"

"Haijawahi."

Akaniamini. Kesho anakuja kulichukua.

Nilifundisha miaka mingi upande wa Garba Tulla. Mtoto aliyesema Kiborana shuleni alivishwa kibao shingoni, na jioni nikamchapa. Wengi walinaswa kwenye tangi, kwa neno moja: bisaan. Nilichapa watoto kwa neno hilo na sikuwahi kuuliza maana yake.

Majambazi walikuwa wakiua wasafiri siku hizo. Magharibi moja, mke wangu na watoto wakiwa ndani ya gari, mtu alichomoka vichakani akikimbilia barabara, mkono juu. "Bisaan! Bisaan!"

Nikakanyaga mafuta.

Alirushwa juu ya boneti, kichwa kikapasua kioo, akaanguka kando.

Ningeweza kwenda zangu. Nilisimama, nikashuka na spana ya magurudumu. Alikuwa anatambaa, mkono ukipapasa kitu kwenye nyasi. Niliupiga ule mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Nikampiga kichwani, tena na tena, hata baada ya kunyamaza, hata baada ya uso kuacha kuwa uso. Damu yake iliniingia mdomoni. Watoto walikuwa wakipiga mayowe na mimi niliendelea.

Alichokuwa akikitafuta kwenye nyasi ni dumu tupu.

Alikuwa akiomba maji. Nyuma ya siti yangu dumu letu lilikuwa limejaa.

Nilimburuta hadi kichakani, nikawaachia fisi. Mjini nilisema tumegonga punda milia. Mke wangu aliingia kaburini bila kulitaja jambo hilo.

Maisha yote nimejiambia ilikuwa ajali. Ajali haishuki garini na spana.

Kesho nitamwambia Galma kabla hajashika ufunguo: mahali penyewe, na nilichofanya. Huenda huko kwao wapo wanaomngoja mtu huyo mpaka leo, na mifupa yake hawajaizika. Akitaka kunipiga, sitainua mkono.

Jioni hii nimemwomba Dabo, Mborana anayeniuguza, anifundishe kusema "nisamehe" kwa lugha yao.

"Ai, mwalimu! Sasa ndio unataka kujua Kiborana?"

Amenifundisha. Ulimi wangu mzito unalivuruga neno hilo kila mara, naye ananicheka.

Najaribu tena.