Kito Hana Kwao

Alhamisi. Hapa Same ni upepo na vumbi tangu asubuhi. Macho yangu yamevimba, wala si kwa vumbi.

Kito hayupo. Kwa asiyemjua, Kito ni binti wa katuni mwenye nywele za zambarau, aliyekuwa akipiga soga mubashara mtandaoni kila jioni. Nyuma ya mchoro alikuwepo dada mwenye sauti ya mkwaruzo ambaye hakuwahi kuonyesha uso. Mwaka niliofeli chuo, sauti ile ndiyo iliyonitoa kitandani. Jumatatu ukurasa wake uliandikwa: Kito hatarudi, asanteni. Basi. Kafa? Kaolewa? Kachoka tu? Mashabiki tumebaki kuulizana.

Nimelia siku tatu.

Mama naye aliwahi kuwa shabiki, wa mwimbaji mmoja wa kwaya. Picha yake ilikaa sebuleni juu ya redio. Lakini yule Mama alimwona kwa macho, akitokwa na jasho. Siku moja pale stendi Mama alimpa maji ya kunywa kwa mkono wake. Mwimbaji alipofariki, Mama na wenzake walipanda mlimani hadi kijijini kwao, Ngujini, na ndizi na kuni, wakapika, wakazika. Watoto wa marehemu wanamwamkia Mama mpaka leo.

Nilikuwa nikimcheka kwa ushamba ule.

Leo mchana Mama kaja na wanakwaya wenzake watano, wamejifunga kanga, wamebeba sukari na mchele. Kwake yeye, mtu akilia siku tatu amefiwa, hakuna mjadala. Nikawapa shikamoo, wakakaa mkekani, wakaimba ubeti mmoja. Kisha Mama Eliza, mkubwa wao, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwao huyo mwenzio ni wapi? Twende tukawaone wazazi wake."

Miaka miwili, na sijui hata jina lake halisi. Niliona aibu. Nilimwonea Kito uchungu kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Nikasema, "Kighare."

Ndilo jina la kijiji lililonijia. Wakaanza kupanga hapohapo: Jumamosi, nani abebe ndizi, nani maharage. Mama akanishika bega, akasema tutamlilia vizuri.

Kesho asubuhi nitamwambia ukweli. Atanisamehe, namjua. Wale akina mama watafungua vifurushi vyao, warudi mashambani. Na Kito hatakuwa na kwao tena, hata kwa uongo.