Gunia la Kaka Shaban

Binh Phuoc, Vietnam
12 Mei 2025

Wifi yangu mpenzi Hajra,

Salamu nyingi zikufikie hapo Chiola, wewe, mama na mwanetu Raudha. Natumaini goti la mama limetulia kidogo baada ya mvua kukatika, na kwamba wewe mwenyewe unakula, maana nakujua, ukiwa na mawazo unaishi kwa chai. Sisi huku ni wazima. Yasini anakusalimia sana, na watoto nao, ingawa salamu zao nimewafundisha leo asubuhi neno kwa neno.

Najua utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Nimejaribu mara tatu kukueleza jambo hili kwa simu, na mara zote nimeishia kukuuliza habari za ufuta. Kwenye karatasi siwezi kukimbia. Barua inaletwa na mama mmoja wa Masasi aliyekuja huku kwa biashara. Nimemwomba asimpe mtu mwingine ila wewe.

Kwanza nikupe habari zetu, kwa sababu siku zote unaniuliza tunaishije na mimi nakujibu kwamba tunaishi vizuri, basi. Unakumbuka tulivyoondoka miaka minne iliyopita, Yasini alipochukuliwa na mwenye kiwanda cha kubangua korosho awe mkaguzi wa mizigo inayotoka Afrika. Mji wenyewe ni mdogo na una mikorosho kila upande, kiasi kwamba wiki za mwanzo nikifumbua macho asubuhi nilikuwa nadhani niko Nachingwea, mpaka mtu afungue mdomo. Hapa kila mtu ana pikipiki. Tulinunua moja, tukawa tunapanda wote wanne, na Jumapili ya kwanza Yasini akatumwaga kwenye mtaro wa mashamba ya mpunga pamoja na mboga zangu. Watu walikuja mbio wakicheka. Nilinuna siku mbili nzima, ndipo nikakumbuka kwamba zile mboga walinirudishia zikiwa zimeoshwa.

Watoto ndio wakalimani wetu. Nilipougua tumbo, Zuhura, akiwa na miaka sita, ndiye aliyemweleza daktari mahali panaponiuma, na kaka yake Harithi akaniambia baadaye kuwa aliongeza kwamba mama yake ana kelele nyingi. Nilicheka. Lakini wakigombana wanagombana kwa lugha ya huku, nami nasimama mlangoni kama mgeni aliyekuja kuomba maji. Mwezi uliopita Zuhura aliniuliza Wamwera, kabila lake mwenyewe, wanaishi nchi gani. Sikukuu ya Idi tunapanda basi mwendo wa saa tatu kufika penye msikiti, tunasali na Waislamu wa huku, Wacham, wanatupokea vizuri kabisa, halafu tunarudi nyumbani tunakula pilau sisi wanne. Hapo ndipo ugeni unaponiuma, wifi. Nakumbuka sinia la kwenu na mikono inavyogongana.

Kukaa bure kulinishinda, nikaomba kazi pale pale kiwandani, kwenye chumba cha kupimia. Gunia likifika unachota korosho kidogo, unazipasua moja moja kwa mkasi, unatenga nzima na mbovu, na unachokiona ndicho kinachoandikwa kuhusu ghala zilikotoka. Mizigo inatoka nchi nyingi. Ikija ya Lindi na Mtwara mimi hunusa magunia kwanza kabla ya kuyafungua, na wenzangu wamezoea kunicheka.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita ulinieleza kwamba kijana wa Masoudi ameleta barua ya posa kwa Raudha, na mama ameikataa bila kuifungua. Ukasema mama ameapa kwamba mtoto wa Masoudi hataoa katika nyumba ya marehemu mumeo, kaka yangu Shaban, kwa kuwa Masoudi, aliyekuwa karani wa ghala, ndiye aliyemchongea Shaban kwa wanunuzi. Ukanikumbusha kwamba hata msibani Masoudi alipokuja aliambiwa arudi na mchele wake. Ukasema Raudha halii tena, anakaa tu. Uliniuliza mimi kama shangazi nina neno gani, nikakwambia nitafikiri. Sikuwa na la kufikiri. Nilikuwa najua.

Mwaka jana mwezi wa pili uliletwa mzigo uliopigwa na maji. Korosho zilikuwa nyeusi, nyingine zimeanza kuota, na maandishi ya magunia yalikuwa yamefutika, ikawa haijulikani ni ya ghala gani. Yasini alitaka kuandika hivyo hivyo, kwamba hazijulikani zilikotoka. Mimi nikashika mdomo wa gunia moja. Wifi, lilikuwa limeshonwa kuanzia kushoto, na mafundo mawili kwenye kila sikio. Marehemu baba alikuwa anatumia mkono wa kushoto, akatufundisha mimi na Shaban kushona vile, na kaka akashika shazia, ile sindano kubwa ya magunia, hivyo hivyo miaka yote aliyokuwa mshonaji wa ghala, hata wenzake wakimtania. Nilikuwa nimekaa karibu miaka mitatu bila kumwona ndugu yangu. Nililikumbatia lile gunia mbele ya watu wote, nikasema hii ni kazi ya mkono wa kaka yangu, nikalitaja na ghala lenyewe. Nikapiga na vigelegele. Yasini alinikonyeza, sikumwona. Msimamizi alikuwa ameshaandika.

Barua ya malalamiko ikaja huko, na mengine unayajua kuliko mimi. Kaka alikuwa amesema mapema kwamba paa la ghala linavuja, akaambiwa ashone tu, magari yanasubiri. Lakini mkono ulioonekana ulikuwa wake, na yeye ndiye aliyefukuzwa. Mwezi wa sita akaenda Ruangwa kuchimba dhahabu kwa sababu aliona aibu kupita njiani hapo kijijini, na mwezi wa kumi shimo likamfukia.

Ile furaha labda Mungu atanisamehe, kwa kuwa sikujua inakokwenda. Ninalokuja kukiri ni jingine. Kaka alinipigia simu kabla hajaondoka kwenda Ruangwa. Aliniuliza, mimi niliye huku korosho zinakofikia, ni nani aliyemuuza, wakati magunia hayakuwa na jina. Sikumwambia kwamba ni mimi. Niliogopa asije akanikataa, na undugu wetu wote ulikuwa umebaki kwenye ile simu. Akasema basi atakuwa Masoudi, maana walikuwa hawaelewani. Nami nikamwambia inawezekana, na Mungu atamwonyesha. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, tena bila mtu kunilazimisha. Shaban amekufa akimchukia mtu asiye na kosa, na ningeweza kumwondolea chuki hiyo kwa neno moja. Tena, wifi, siku zilipopita bila mtu kuniuliza, nilifurahi kwamba hakuna anayeniuliza. Hata Yasini sikumwambia habari za ile simu mpaka juzi. Hakunigombeza. Alitoka nje akakaa kwenye pikipiki bila kuiwasha.

Nakuomba umsomee mama barua hii yote, usiruke mahali kwa kunihurumia. Akimaliza kulia, mwiteni Masoudi naye aisikie, na ile barua ya kijana wake ifunguliwe. Kama Raudha hamtaki huyo kijana, amkatae mwenyewe, lakini asimkose kwa ajili yangu. Tulipanga kuja wote mwezi wa nane. Mkisema nisije, Yasini atawaleta watoto wamwone bibi yao, mimi nitabaki.

Nisalimie majirani wote, na dada Dorotea aliyekaa na wewe siku zote za eda ingawa si dini yake. Mbusu Raudha. Mama sijamwandikia salamu zake hapa mwisho. Msomee kwanza, halafu umuulize kama anazitaka, nitamtumia.

Ni mimi wifi yako,
Zaina