Simu ya Mama Mkubwa Inaandika Nisichosema

Mpendwa Bi Balqees, nakuomba unisaidie, na jina langu usilitaje, maana nimefanya jambo ambalo hata mume wangu simwambii. Mama yangu alifariki India alikokwenda kutibiwa, tukamzika huko huko, na wiki hiyo hiyo dada yake, mama mkubwa Hajar anayekaa mji wa Sib, alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya moyo, basi kaka yangu Badr akasema asiambiwe kwanza mpaka apate nguvu, na sote tukakubali. Mama mkubwa hasikii, sauti kwake ni mvumo tu, kwa hiyo mwanawe amemwekea simu ya mezani yenye kioo, unavyosema maneno yanajiandika naye anasoma, na alipozidi kumuulizia mama, Badr akanambia, "Zungumza wewe, maandishi hayana sauti." Nikazungumza. Wiki ya saba hii, kila Alkhamisi baada ya alasiri mimi ndiye mama, nalalamika chakula cha hospitali hakina chumvi, yeye anamwombea mama shifaa na mimi naitika amin.

Alkhamisi iliyopita nilishindwa kujifanya, nikakaa kimya kabisa. Mama mkubwa akacheka, akasema, "Ehe, sema pole pole, nnasoma." Sikuwa nimesema kitu! Akawa anaitika ehe, ehe, kama anayesoma, halafu akasema, "Haya, ile kanga ya zambarau iliyo sandukuni kwangu nitampa mwanao, usiwe na wasiwasi." Bi Balqees, habari ya kanga ile, kwamba nipewe mimi, mama aliniambia mimi peke yangu, siku mbili kabla hajafa, hata Badr haijui. Nani aliandika? Na Alkhamisi inakuja, nipige nisipige?

Niliyejifanya mama, Khuwair ya Kusini

Binti yangu, pole kwa msiba, Mungu amrehemu mama yako. Sasa nikugombeze. Kumficha mgonjwa siku tatu nne naelewa, kwetu ndivyo tunavyofanya. Lakini wiki saba! Dada mtu anamwombea afya aliye kaburini, wakati marehemu anangoja kuombewa rehema, na wewe unaitika amin. Hilo ndilo la kukutisha, si kioo.

Simu hizo huandika hata pumzi na kelele za feni. Na kanga, huenda mama yako alimwambia dada yake kabla ya safari. Maiti hapigi simu. Tena mtu aliyelala kitanda kimoja na dada yake utoto mzima, unadhani hayajui maneno yake? Pengine amejua zamani, anakungoja wewe useme.

Usipige. Muulizeni daktari wake kwanza, kisha wewe na Badr mwende Sib kabla ya Alkhamisi. Kaa mbele yake penye mwanga asome midomo yako, mshike mikono, mwambie, "Mama amefariki." Usizunguke. Mwache alie, halafu msomeeni marehemu khitma, naye awepo.

Kabla hamjakaa, Badr aichomoe ile simu ukutani. Nimeshinda na barua yako tangu asubuhi, na kusema kweli sijui nani aliyemjibu siku ile uliponyamaza. Kwa hiyo kioo kikiandika chochote baada ya kuchomolewa, usisogee. Mwache mama yako mkubwa asome. Hukuandikiwa wewe.