Jina Kamili la Mama Collins

Gatina, Kawangware,
16 Machi 2008

Kwa dada yangu mpendwa Nduku,

Salamu nyingi zikufikie hapo Machakos, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu na kwamba mvua imewakumbuka. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma, ila tafadhali usiyasome kwa sauti mbele ya watu.

Uliniuliza kama masomo yangu ya sheria na haki za binadamu bado yanaendelea. Yanaendelea. Bahasha huja posta kila mwezi, nasoma nikitoka kazini kwenye karakana za jua kali, kisha narudisha majibu. Hapa ploti, wapangaji wenzangu waliacha kuniita Mutie zamani. Mimi ni Wakili, na hata somo la tano sijalimaliza! Nami nilivimba kichwa, dada, sikukufichi.

Novemba tulipewa zoezi la kuwauliza majirani ni haki gani wanazokosa. Nilipita chumba kwa chumba na daftari, watu wakanieleza habari za maji na choo. Zoezi lilitaka malalamiko tu. Ni mimi niliyeongeza jina kamili la kila mtu, namba ya mlango na kwao ni wapi, ili mwalimu aone bidii yangu. Nikapata alama themanini na nane, na mama akatangaza kanisani. Daftari likabaki mezani kwangu.

Baada ya uchaguzi mambo yaliharibika, watu wakawa wanasakwa kwa makabila yao, mlisikia redioni. Alhamisi moja ya Januari, saa nne asubuhi, vijana wenye mapanga waliingia ploti yetu wakienda mlango wa saba, kwa Mama Collins. Ndiye yule jirani wa kutoka Bungoma aliyenipikia uji nilipougua malaria. Vitu vyao vilichomwa uani, cherehani yake ikiwemo. Mumewe, Walubengo, alipigwa kichwani, na mpaka leo sikio la kushoto halisikii. Wakakimbilia kwa ndugu yao Kambi Muru, kule Kibera.

Jumapili iliyopita Mama Collins aliniita huko nimwandikie taarifa ya kupeleka kwa mawakili wa kujitolea. Alinikaribisha chai, akasema katika ploti nzima ni mimi peke yangu niliyewapigia simu. Kisha akasema kuna jambo linalomnyima usingizi. Wale vijana walimwita mlangoni kwa jina lake, Jentrix Nasimiyu. Hapa kila mtu anamjua kama Mama Collins, hata mwenye nyumba. Akaniuliza mimi msomi, jina hilo walilitoa wapi?

Nilimaliza chai, Nduku. Nikaandika: haijulikani. Akatia sahihi, akanishukuru, akanipa taarifa niifikishe.

Mama hutuambia mficha maradhi kifo humuumbua, basi acha niseme. Wale vijana walianzia kwangu. Mmoja alisema, "Wakili, si utusaidie na hiyo kitabu?" Hakuniinulia panga. Hata mlango hakuuvuka. Nililichukua daftari mezani kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa, nikajifungia ndani, nikasikia jina la Mama Collins likisomwa. Ile simu aliyonishukuria haikuwa wema, nilitaka tu kujua kama nimeua mtu. Naona aibu.

Ile taarifa sijaipeleka. Nimeiandika upya, na sasa jina langu limo. Kesho nitampelekea Mama Collins huko Kambi Muru, nimsomee yote, naye aamue la kufanya. Mkisikia nimeshikwa, msishangae.

Wasalimie wote, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mwombe mama aache kunitaja kanisani. Na utakapomweleza, dada, najua utataka kumwambia kwamba nililazimishwa. Usimwambie hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Mutie