Saruji Tuliyokutolea Sadaka

Bi Mwanaesha, mwalimu wangu,

Yasini yako ya leo nimeshasoma. Sasa niwie radhi, nina lawama, na nusu yake yaniangukia mwenyewe.

Uwanja wako wa chekechea hapa Kizingitini tumeumwagia saruji. Mita kumi na nne kwa tisa, unene inchi tatu, kutoka barazani hadi ukuta wa pwani. Ilipopita arubaini yako, wazazi walikaa wakasema wakutolee sadaka ya kudumu, ili kila mtoto atakayecheza pale nawe uandikiwe thawabu. Nani angekataa? Mchanga wachafua sare, wakasema, na maji ya bamvua yakiingia watoto warudi na matope hadi magotini. Wakaniita mimi. Nikapima, nikachanganya, nikasawazisha kwa mkono huu. Siku tatu nzima sikukumbuka hata mara moja kwamba wewe ulikuwa ukiyangoja hayo maji, maana ndiyo yaliyotuletea kaa mchangani.

Shule niliiacha darasa la tano, wajua. Hesabu zinazonilisha leo ulinipa wewe pale chini, tumelala kifudifudi, pua mchangani. "Mashimo saba, kaa wanne wametoka. Wangapi wangali ndani?" Nikitaka kuchokonoa kwa kijiti, ulikuwa ukinishika mkono: "Tungoje watoke wenyewe." Tukangoja. Mwalimu, sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kukaa chini akangoja nami hivyo.

Juzi nilikwenda kutengeneza bawaba ya mlango wa chekechea, nikakaa mapumziko yote nikihesabu. Watoto thelathini na wanane. Thelathini na mmoja wamebanana kivulini barazani, maana saruji yangu yaunguza nyayo. Watano wakimbizana. Wawili wamechutama penye ufa, wakichungulia. Mmoja wao, kibinti cha miaka minne, akaniuliza, "Fundi, kaa watatokea wapi?"

Nikajifanya natafuta msumari.

Jioni nikamwendea mwenyekiti wa wazazi, nikamwambia nataka kuvunja upande wa ukutani, mita tatu, mchanga uonekane tena, bila malipo. Alicheka: fundi gani huyu alia na kazi yake mwenyewe, si useme tu iliharibika? Kisha akaacha kucheka. "Bwana, wataka kumvunjia marehemu thawabu zake?"

Nikaaga, nikarudi nyumbani. Hesabu zote naziweza, hii imenishinda: mtoto akikaa barazani kwa kuogopa kuungua, wewe waandikiwa nini?

Jumamosi nakwenda na nyundo na mtaimbo. Mita tatu kwa tisa, mchana, kila mtu akiniona. Waniite mwendawazimu, watafute fundi mwingine. Nimemwomba Mola, kama kuna kosa katika nyundo ile, aniandikie mimi, na thawabu zako akuachie zote.

Allah akupanulie ulipo, mwalimu wangu. Nakuahidi sitaishia njiani.

Mwanafunzi wako,
Athmani