Fagio la Kashindye na Waya wa Meneja

Mama Dorotea, shikamoo. Nakuandikia kwenye safu yako ya gazetini kwa sababu kuna jambo linaninyima raha na hapa ofisini sina wa kumwambia.

Mimi ni karani katika tawi dogo la kampuni ya kununua pamba hapa Sengerema, lililofunguliwa baada ya watu binafsi kuruhusiwa kununua, na mwaka huu makao makuu Mwanza walituletea kompyuta tatu na printa moja, na kwa kuwa mimi pekee nilisoma kozi ya kompyuta, meneja wetu Mzee Machibya alinikabidhi kazi ya kuziunganisha, nikatandaza waya mweusi kutoka mashine yangu kwenda ya stoo mpaka ya mwisho ofisini kwa mzee, ili sote tutumie printa ile moja, na kweli ikafanya kazi, watu wakaanza kuniita injinia, nami nikavimba kichwa.

Tatizo ni Jumanne. Kila Jumanne mzee huenda mkutanoni Mwanza, anafunga ofisi yake, na akishaondoka tu kuelekea kivuko cha Kamanga mashine zetu zinaacha kuonana, hati za malori hazitoki, madereva wanapiga honi uani, na akirudi jioni kila kitu kinakuwa kizima, ndipo akasema, "Nikiwepo zinafanya kazi, nikitoka zinakufa. Ni fagio la Kashindye hilo, linavuta nyaya," na Kashindye, mama anayetufanyia usafi mwaka wa saba sasa, ambaye nilipougua malaria aliniletea uji kila asubuhi mpaka nikasimama, ameambiwa mwezi huu ukiisha asirudi.

Mama, mimi najua si yeye. Jumanne iliyopita nilichungulia dirishani kwa mzee nikaona waya umefunguliwa nyuma ya kompyuta yake unaning'inia, kwani huufungua kwa kuogopa radi, maana masika yaliyopita radi ilimuunguzia redio nyumbani, na waya huu ukifunguliwa popote sote tunakatika, jambo ambalo kitabu cha maelekezo kimelisema wazi na mimi sikumwambia mtu, niliona nikibaki nalo peke yangu nitaendelea kuwa injinia. Mzee ananiita mwanangu, ndiye aliyeniombea kazi hii. Nitamwambiaje mtu mzima kama yule kwamba anayeharibu ni yeye?

Injinia wa Bure, Sengerema

Marahaba, mwanangu. Pole, ila pole yangu ya kwanza naipeleka kwa Kashindye. Uji wake ulikunywa mpaka ukasimama, sasa umesimama unamtazama akitolewa nje. Limeniudhi hilo, nakwambia wazi.

Na mzee usimsingizie. Anaogopa radi kama kila mtu wa kando ya ziwa hili. Mimi mwenyewe wingu likitanda nachomoa plagi zote. Wa kumweleza habari za waya ulikuwa wewe. Kwa hiyo huendi kumshitaki, unaenda kuungama, na maneno hayo hata mtu mzima anaambiwa: "Mzee, kompyuta kukatika Jumanne ni kosa langu, kuna jambo sikukueleza." Mwambie mkiwa wawili, asubuhi, kabla hajapokea wageni.

Nimemuuliza fundi hapa Mwanza. Anasema nyuma ya kila mashine kuna kiungo cha chuma chenye umbo la T. Mzee akitaka kuikinga yake, achomoe kiungo chote kutoka kwenye mashine, lakini waya na kizibo cha mwisho, kile kidogo kinachoziba ncha ya waya, vibaki vimeshikana na kiungo hicho. Yake itatengwa, zenu zitaendelea. Mwonyeshe, kisha afanye mwenyewe ukiangalia. Radi ikianza kunguruma, zimeni zote.

Halafu mwombe amwite Kashindye palepale, asikie kutoka kwenu wote wawili kwamba fagio lake halina kosa. Msamaha wako mpelekee nyumbani. Kiungo hicho mfundishe na yeye, maana ndiye anayewahi kufika kila siku.

Majina nimeyabadilisha, ila ofisi za pamba zenye kompyuta tatu hapo Sengerema nazihesabu kwa kidole kimoja. Jibu hili nimekutangulizia kwa posta, ulipate Alhamisi. Gazeti lenye barua yako litavuka na kivuko cha Jumamosi asubuhi, na mzee anaweza kulisoma. Ijumaa yote ni yako.