Pipa la Mwanangu

4 Februari

Mwanangu fundi bomba,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, isipokuwa goti langu limegoma. Wewe je, unakula?

Madrasa ya marehemu baba yako inafungwa mwisho wa Juni. Kamati inasema bili ya maji inameza mshahara wa mwalimu. Nikasimama nikawaambia, mnalia na bili na mimi nimezaa fundi bomba? Usiniaibishe.

Mama yako

11 Februari

Mama,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, nakula. Pole na goti.

Mchoro huu mpe fundi wa hapo. Maji ya mvua yaende tangi la juu, ya kutawadhia. Yanayomwagika watoto wakitawadha yapite kwenye mchanga na mkaa, yaingie pipa la chini, ya kumwagilia mboga za kuuza. Ila pipani asitawadhe mtu. Maji yameshatumika, udhu hausihi.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu usiye na mfano,

Salamu tele. Goti limepona lenyewe kwa furaha. Mchicha umenona, jirani anaununua huku amenuna, na bili ya Aprili imelipwa.

Jana kamati ilikuja kukagua, adhuhuri ikawakuta. Tangi la juu limejificha nyuma ya paa, lina sifa gani? Nikawapeleka pipani, maji yanameta! Wakatawadha, wakasali. Leo mwalimu kagundua, wote wamerudia sala. Wanasema mabomba yako yamechanganya maji, Ijumaa watafunga kabisa, hawangoji Juni. Wameuliza nani aliwaelekeza pipani. Nilikohoa.

Mama yako

22 Mei

Mama,

Mabomba hayakuchanganya kitu. Waambie kabla ya Ijumaa. Jina langu likiharibika hapo nitapata kazi kwingine, wale watoto hawana pa kwenda.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Assalaam alaykum, maana wewe uliisahau.

Nilisimama mbele ya wote. Nikasema kosa si la bomba, ni la mdomo wangu. Mwenyekiti akasema, "Bibi, umetusalisha bure wanaume tisa!"

Mwalimu akadakia, "Na hakuna hata mmoja aliyeyashuku maji."

Wakacheka. Wakapiga kura. Madrasa haifungwi.

Adhabu yangu ni kukaa kando ya pipa kila adhuhuri, nizuie watu. Anayeniuliza maji haya ya nini, namwambia kwanza ni ya nani.

Mama yako